Pingili Moja ya Kidole

Maskati, usiku wa Ijumaa, mwezi wa Mlisho, 1970

Na bado wananiuliza. Khitma ya mwanangu Zuwena imekwisha alasiri, watu wanavaa viatu, Bi Salma jirani akanishika mkono. "Kakake alimuwahi? Si wote wako huko huko Ulaya?"

Mume wangu akajibu kabla yangu. "Alimuwahi. Kopenhagen mpaka London ndege haichukui hata muda wa saa mbili."

Nikaitikia. Ningesema nini mbele ya watu?

Muda huo ni kweli. Tulipotawanyika kutoka Unguja nilipima mwenyewe kwenye ramani: baina ya wanangu wawili pingili moja tu ya kidole. Miaka yote nikijiliwaza kwa pingili hiyo. Mmoja akiugua, mwenziwe keshafika.

Seif alifika uwanjani, tikiti mkononi. Lakini pasi yake ni ile ya Unguja, na serikali iliyoitoa haipo tena. Wakamzuia. Akakaa pale kwenye kiti, anazitazama ndege za London zinaondoka, mpaka dadake akazikwa na watu baki.

Haya katwandikia mwenyewe. Na moja zaidi, ambalo imamu wa London kamwambia, nami sijamwambia mtu.

Kwenye talakini, anaposomewa kaburini, maiti huitwa kwa jina la mamake. Hapakuwa na mtu pale anayelijua langu. Basi wamemwita Zuwena binti Hawa, kama anavyoitwa asiyejulikana mama.

Nami nipo. Nna uhai, nna jina.