Kaka, Nimemtembeza Mwanao Musoma

Kaka yangu Magesa,

Binti yako Nyabise amekuwa mkubwa, na hasira zako amezirithi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Ulipokufa alikuwa hajaota meno. Mama yake akaolewa Kahama, nami nikambeba mgongoni mpaka Dodoma, na huko nimemlea kwa kushona sare za watoto wa watu. Musoma sikurudi. Niliapa kwamba mji uliokula ndugu yangu hautaniona tena hata nikinunua chumvi.

Mwezi uliopita baba mdogo Masatu akanipigia simu kutoka kijijini kwetu Buswahili. Mzee Wambura wa Bweri, pale Musoma, yule aliyekupiga wa kwanza, amevimba miguu na anataka tupatane kabla hajafa. Desturi yetu unaijua: damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, watu wa nyumba hizo hawali chungu kimoja wala hawanywi maji ya kata moja, hadi siku mtoto wa marehemu na aliyeua watakapolishana ini la mbuzi kwa mkono, huyu amlishe yule na yule amlishe huyu. Miaka yote hii ndugu zetu wakienda msibani Bweri huuliza kwanza nani kapika. Sasa wamechoka kuuliza.

"Mtoto wa Magesa ni huyo mmoja tu," baba mdogo alisema. "Mlete tumalize."

Nilimtukana. Baba mdogo mzima, mzee wa kanisa, nilimtukana matusi ya mwaloni kwa wavuvi, nikakata simu, nikarusha mkasi ukutani. Nyabise akauokota. Akaniambia kwa upole kwamba yeye atakwenda. "Shangazi, mimi huyo baba simjui. Nitakula hilo ini, watu wapumzike."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Kwake wewe ni picha moja iliyofifia, umesimama kando ya boti bila shati. Angemsamehe mtu kifo chako kama mtu anavyompisha mwenzake mlangoni. Nikamwambia sawa, tutakwenda, ila mbuzi asichinjwe mpaka nimtembeze. Alidhani nataka kumwonyesha mji. Akauliza kama kuna ufukwe mzuri wa kupigia picha.

Nilianzia Bunda, kwa sababu basi lilisimama pale watu wachimbe dawa. Nikamvuta mpaka kwenye ile kona ya stendi ambapo mpiga debe alininyang'anya kanga kiunoni, nikabaki na gaguro mbele za watu, nao wakacheka. Wewe ulitua mkungu wa ndizi uliokuwa nao begani, ukamtia ngumi moja ya mdomo, akatema jino na damu juu ya shati lake. Wenzake wakakurukia. Chupa ilikupasua paji la uso. Mimi nikavua kiatu nikawa napiga kichwa chochote kilichoinama. Tulifika Musoma tumelowa damu siti ya nyuma kabisa, na wewe ukawa unacheka mpaka kidonda kinafunguka upya. Wengine wana bustani wanazozipenda. Mimi naipenda stendi ya Bunda.

Nyabise akauliza, "Kwa hiyo baba alikuwa mkorofi?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa mkorofi, na watu wake walilala milango wazi.

Kesho yake tukaenda Mwigobero. Mwalo uleule, kaka, harufu ileile ya dagaa na dizeli, wanawake walewale wenye sauti za kuita hadi Kinesi ng'ambo. Pale ulipokuwa ukichonga boti pamejengwa kibanda cha vocha. Tulipenda kukaa juu ya boti zilizopinduliwa tukila furu wa kukaanga, tunatema miiba majini. Nilimtafuta Mama Nyangeta, yule mkaangaji, nikidhani amekufa. Hakufa. Yuko palepale na karai lake, ameota mvi, ulimi haujaota kutu.

Alimwangalia Nyabise paji la uso, akaacha samaki waungue. "Huyu ni wa Magesa," alisema. "Baba yako alikuwaga anagombana na watu, wakiisha anagombana na mawimbi. Keti hapa, mwanangu, nikuambie."

Akamwambia yote. Yule mwenye mitumbwi aliyempiga teke mjane wa watu beseni lake la samaki wa ningu likamwagika mchangani, na wewe ukaacha patasi, ukachukua kafi, ukampiga nalo mgongoni mpaka likakatika. Vijana wake watatu wakakukokota majini, wakakuzamisha kichwa, wakakutoa, wakakuzamisha tena. Watu walikuwa wamesimama tu wanatazama. Mama Nyangeta ndiye aliyechota mafuta ya moto kwa upawa, akaingia ziwani na kanga yake, akamwagia wa kwanza shingoni. Wengine walikimbia bila kuambiwa. "Ana kovu mpaka leo," alisema, "na mimi ananisalimiaga vizuri tu." Alicheka. Nyabise naye akacheka, kile kicheko chako cha kuonyesha fizi, nami ikabidi nigeuke upande wa ziwa nijifanye natazama ndege.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni mawe ya Mukendo. Tulipanda jioni jua likiwa bado kali. Nilimwonyesha lile jiwe bapa ambapo ulinifundisha kupigana. Nilikuwa binti mdogo mwoga, wasichana wa darasa langu wakinipora sabuni na kunikalia kifuani kila wiki. Ulinipandisha pale ukanizaba kofi. "Nipige," ukasema. Nikalia. Ukanizaba la pili. Uliendelea hivyo, huna hata huruma, mpaka kitu kikakatika ndani yangu, nikakurukia nikakung'ata mkono mpaka nikaonja damu. Hukunisukuma. Ulinishika kichwa, ukasema basi, basi, imetosha, sasa nimeridhika hata nikifa. Tukateremka umefunga mkono kwa soksi yangu ya shule. Sijui kama ndivyo mtoto anavyopaswa kufundishwa. Najua kwamba toka siku hiyo hakuna mtu aliyenikalia kifuani, awe mwanamke au mwanamume.

Nyabise aliketi juu ya lile jiwe, akalipapasa. Picha hakupiga. Aliniuliza kama ulikuwa na sauti nene au nyembamba, kama ulikuwa unaimba, ulikuwa unapenda kula nini, ulikuwa unanishika vipi mkono tukivuka barabara. Maswali ya mtu mwenye njaa. Nilimjibu mpaka koo likakauka. Bodaboda aliyetupeleka juu alituchoka akaondoka zake, tukateremka kwa miguu.

Bweri niliiacha ya mwisho. Sitasema uongo kwamba naipenda. Lakini chumba chako kimesimama, kaka, ukuta ulioujenga kwa mikono yako, japo wenyewe sasa ni wengine na wamepaka rangi ya bluu. Wakati wetu palikuwa vichaka na mashamba ya mihogo, nyumba moja hapa nyingine kule, watu wamehamia kutoka kila kona ya Mara, jirani hamjui jirani. Nilimsimamisha Nyabise kwenye njia ile inayoshuka korongoni, nikamweleza kitu ambacho baba yetu alitufundisha tukiwa wadogo Buswahili.

Yowe la ng'ombe walioibwa likipigwa, kila mwanamume hutoka. Hilo ni la Mara nzima. Lakini kwetu, kando ya Mto Mara, wezi huswaga ng'ombe kuelekea kivukoni, wakishaingia kwenye matete umewakosa. Kwa hiyo mwenye mbio hakai na kundi. "Anayekimbia nyuma anakula vumbi," baba alisema. "Wewe tangulia, kata njia, wasubiri majini." Kijiji chote kilijua. Kumwona mtu peke yake yuko mbele, anakimbia kama mwehu, ilikuwa ni kumwona shujaa wako, nawe unamshangilia.

Alfajiri ile yowe lilipigwa wakati wa kukamua. Ulitoka bila shati, bila fimbo. Nilikuita, ukasema unakwenda kuwakatia njia korongoni. Hukukumbuka kwamba Bweri si Buswahili. Waliokuja nyuma yako walitoka Tarime, Majita, Kiabakari, Mwanza, na kwao mtu anayekimbia mbele ya yowe peke yake hana jina lingine. Ni mwizi.

Nilisikia mipasuko kabla sijafika. Sauti ya fimbo juu ya mfupa haifanani na kitu kingine, na mimi huisikia hata cherehani yangu inapokata uzi. Nilikukuta kwenye majani, mkono mmoja umevunjika umegeukia nyuma, jicho limetoka, na bado watu walikuwa wakija wapya wanauliza yuko wapi, wapate nao zamu. Nilikulalia. Jiwe lililokusudiwa wewe lilinivunja mbavu. Nilipiga kelele jina lako na la baba na la kijiji, mpaka mzee mmoja akasema acheni, huyu ni fundi boti. Ulikuwa umeshakwenda. Saa chache baadaye waliona nyayo za kwato za ng'ombe ng'ambo ya korongo, palepale ulipokuwa unaelekea. Polisi walipokuja hapakuwa na mtu aliyeona kitu. Bweri nzima ilikuwa imelala.

Nimekuwa nikikukasirikia, kaka. Waliokuua nimewachukia, hilo ni jepesi, lakini wewe nimekukasirikia. Mtu mwenye akili yako, mji umejaa wageni, unatoka mbio kwa sheria ya kijiji chetu. Kwa nini hukubaki na kundi mara moja tu katika maisha yako? Nilimwambia Nyabise hivyo hivyo, nikiwa nimesimama pale njiani napiga majani kwa kandambili kama kichaa. Alishuka peke yake mpaka korongoni, akarudi na matope miguuni.

Leo mchana tumekwenda kwa Mzee Wambura. Baba mdogo Masatu na wazee wetu walikuwa upande mmoja wa ua, watu wao upande wa pili, mbuzi ameshachinjwa. Mzee amekuwa mdogo, kaka. Walimtoa ndani wamemshika kwapani, miguu imejaa kama mito. Nilikuwa nimejiandaa kwa jitu. Nilitamani awe na nguvu ili nimpige.

Waliweka sahani moja katikati, ugali na ini. Nyabise akanawa. Kabla hajagusa kitu, akamuuliza, "Babu, wakati unampiga, baba yangu alikuwa anasema nini?"

Wazee wakanong'ona. Baba mdogo akasema hayo hayaulizwi. Lakini mzee akainua kiganja wanyamaze.

"Alikuwa anasema wamevuka," alisema. "Wamevuka, wamevuka, hivyo hivyo. Ananyoosha mkono kule korongoni. Mimi nilidhani anaita wenzake. Nikaupiga kwanza huo mkono. Hata ulipovunjika alinyooshaga na ule mwingine. Hajawahi kututukana. Mjukuu wangu, alikuwa anatuonyesha ng'ombe wetu walipo."

Wanawake wa upande wao walianza kulia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshika mbavu zangu. Nilifikiri nitamrukia.

Nyabise alikata tonge, akaliwekea kipande cha ini, akamlisha mzee kwa mkono wake wa kulia. Mzee alitafuna huku machozi yakimwingia mdomoni, akameza. Watu wakashusha pumzi. Kisha ikawa zamu yake. Alikata tonge kwa vidole vilivyovimba, akaliinua hadi usoni kwa mwanao, na mwanao akafunga mdomo.

Tulisubiri. Mzee naye mkono umechoka, ini likaanguka mkekani.

"Wewe umeshakula, babu," Nyabise alimwambia, na akampangusa mdomo kwa kanga yake. "Lala salama, sikudai kitu. Ila mimi siwezi kumaliza leo. Baba yangu nimempata juzi."

Wazee tumewaacha uani kwa mzee wanabishana kama desturi imetimia au la. Mimi safari hii sijamtukana mtu. Mwanao amelala kitanda cha pili hapa gesti, hajavua hata viatu, na kabla hajasinzia ameniambia turudi Dodoma keshokutwa, si kesho, maana bado hajajua ulikuwa unaogelea wapi.

Pumzika, kaka. Usikimbie tena.

Ni mimi mdogo wako,
Nyamisi