Alama ya Kutoa kwenye Mashine ya Unga

Mama Verdiane mpendwa, nakuandikia unisaidie kabla Jumamosi haijafika. Mimi ni fundi wa mashine ya kusaga mihogo hapa Kibua, inayotumia umeme wa turbini yetu ndogo ya mtoni, na tajiri wangu, Papa Nzanzu, alileta kipimo chenye kibanio cha kushika waya ili tujue mashine inakula umeme kiasi gani, nikakibana, namba ikaja na alama ya kutoa mbele yake, na badala ya kunyamaza nikamwambia maana yake mashine inatoa umeme, naye akapiga makofi, "Haikulake umeme, iko natoa!" akaomba misa ya shukrani, nami nikakaa kiti cha mbele na koti langu, sifa zikamfikia komanda wa wale wanaoshika barabara, akaja mwenyewe, akatazama namba, akasema, "Jumamosi njo tunaibeba, itawasha televizyo kule kambini," na sasa mke wangu Kavira na wamama wote watarudia kutwanga kwa mikono, nami najua kuna kosa ila sijui liko wapi, na nikikiri sijui, mimi ni fundi gani tena? Nikimbie ao nisali?

Marcellin, Kibua

Marcellin, pole, ila nimecheka hadi chai ikanimwagikia. Alama ya kutoa ni ya hesabu, kaka, si ya ukarimu! Turbini ikisimama, mashine nayo husimama. Huo umeme inaotoa inautoa wapi? Ungejiuliza hivyo kabla ya kuvaa koti.

Usikimbie. Kusali, sali baada ya kazi. Zima mashine kwanza, fungua kibanio, utaona mshale mdogo ubavuni. Unatakiwa kuelekea kwenye mashine. Wako, naapa, umeelekea mtoni. Kigeuze. Na kishike waya mmoja tu, maana ukizibana nyaya zote pamoja kitasoma sifuri, na Papa Nzanzu ataomba misa nyingine. Mwambie ukweli leo hii, akasirike mapema.

Jumamosi wakija, usibishane. Waonyeshe namba mpya mashine ikisaga, useme, "Komanda, nilikosea. Hii mashini iko nakula tu, haishibake." Utaona aibu, tena sana, lakini mikono ya Kavira itapona.

Hawataigusa. Miaka yote hii ya vita nimeona wakibeba chenye kutoa: ng'ombe wa maziwa, kuku wa mayai. Chenye kula tu hakuna anayekibeba, na ndiyo maana wakubwa wetu wangali vitini mwao.