Maboksi ya Dawa Mikokoni

Karibu na Mnazi Bay,
Mtwara

Dada Adela mpendwa,

Hamjambo huko Bukoba? Mama miguu bado inamsumbua? Mimi ni mzima wa mwili, na uzima wangu unaishia hapo.

Umeuliza kwa nini shemeji yako Gervas hapokei simu. Yuko mahabusu, na aliyemtaja ni mimi mkewe.

Mwenye duka moja la dawa mjini alimkodi na lori lake, akatupe maboksi ya dawa zilizokwisha muda mahali pasipo na macho. Gervas akayamwaga huku kwetu, kwenye mikoko. Maji yalipojaa yakayachukua. Haukupita muda chaza wakaanza kufa huku wameachama, visamaki vikaelea, na hadi leo tope linanuka kama wodi. Wanawake wanaookota chaza pale hawana pengine pa kwenda. Jirani yangu Bi Somoe alikanyaga kichupa cha sindano kilichovunjika, na kidonda kikakataa kupona.

Nilimuuliza Gervas tukiwa tunakula.

"Nimeambiwa nitupe, nimetupa," akasema. "Bahari ni kubwa."

"Na mguu wa Bi Somoe?"

"Mimi sikumtuma aingie topeni."

Akamega tonge jingine. Kesho yake, kabla ya kwenda shule kufundisha, nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikasema yote. Polisi wakaja kumchukua Gervas. Mwenye duka naye alihojiwa, akasema dereva huyo hamjui, akarudi zake kuuza dawa.

Nilidhani angalau Bi Somoe angenishukuru. Juzi alikuja akichechemea, nikamvutia kiti, akakataa kukaa.

"Mwalimu, yule bwana wa duka alikuwa ananipa dawa za mguu bure, ili ninyamaze. Tangu useme, hanipi tena. Ungeniuliza kwanza."

Nilichukua mkoba wangu, dada. Nilimpeleka hospitali. Daktari anasema dawa za kawaida hazikishiki tena kidonda kile, vidole viwili vitakatwa. Njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Wenzake pia hawanisemeshi. Kwao mimi ni mwanamke wa kuja, aliyemfunga mumewe, na bado chaza hawajarudi.

Nisalimie mama, kaka Deus, na shangazi yetu wa Kamachumu. Mama mkwe wangu akija hapo kuulizia mwanawe, usimfiche. Mwambie ni mimi.

Mdogo wako,
Leokadia