Nilimkaangia Mke Wangu Tezi za Ng'ombe

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na ujue mimi si mtu wa kuomba ushauri, maana mtaa mzima huja buchani kwangu kuuomba, nina miaka ishirini na mbili kwenye nyama, nimeishi miji mitatu, darasani niliishia la sita lakini mnyama namjua nje ndani kuliko hao wenye vyeti. Sasa mke wangu, fundi cherehani, alianza kukonda, akawa analamba chumvi kama mbuzi, mikunjo ya viganja na ufizi vikawa vyeusi, akisimama anaona kizunguzungu, na mimi nikawa namtania, "Mama watoto, unageuka mkaa?" mpaka hospitali wakasema tezi zake za adrenali, zile mbili zinazokaa juu ya figo, zimeharibika, atameza vidonge maisha yake yote.

Shangazi, nilicheka! Tezi hizo si ndizo nazitupa kila siku pamoja na mafuta ya figo? Nje ganda la njano, ndani rangi ya ini, nazijua hata nikifumba macho! Nikamwambia, "Weka kando vidonge, mumeo ana duka zima," nikawa namkaangia nne kila asubuhi na vitunguu, naye kwa kunipenda akala, siku ya tatu akaangukia cherehani, mteja kasimama na utepe wa kupimia kiunoni. Hospitali wakamtundikia dripu na kumdunga sindano, daktari akauliza, "Aliacha dawa?" nikajibu haraka, "Hata siku moja!" na mke wangu hakunisuta mbele yake. Sasa amerudi kwenye vidonge, lakini daktari anaona dozi haimtoshi, Alhamisi atamwongezea, na jana mke wangu kaniambia, "Baba watoto, buchani una maneno mengi, tutayasikia kliniki." Nifanyeje nisiaibike, maana daktari mwenyewe ni mteja wangu wa maini?

Bingwa wa Bucha

Marahaba, Bingwa.

Nimecheka, halafu nikakasirika, halafu nikakuonea huruma, maana mwanamume anayekaanga vitunguu kila asubuhi kwa ajili ya mkewe si mtu mbaya. Ni mbishi tu.

Ganda na kiini umevipatia, hongera. Ila kisu hakikuonyeshi kazi yake. Lile ganda la njano hutengeneza homoni zinazozuia chumvi isipotee mwilini, na nyingine ya kuhimili ugonjwa na njaa. Ndiyo maana mkeo alilamba chumvi, baba, si umbuzi. Na tezi si ghala. Hutengeneza kidogo kidogo kadiri mwili unavyohitaji, kwa hiyo ulichomkaangia ni kiwanda kilichofungwa. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vinafanya kazi hiyo, ukavifukuza. Angeweza kufa, Bingwa. Hilo silitanii.

Sasa daktari anataka kuutibu uongo wako. Dozi ikizidi bure, uso utavimba, sukari itapanda, mifupa itadhoofika. Yote hayo ili muuza maini asione haya!

Alhamisi utaingia wewe kwanza, useme, "Daktari, siku tatu hakumeza, na kosa ni langu." Ukimaliza, funga mdomo, sikiliza. Uliza afanye nini akipata homa au akitapika, maana siku hizo dawa huhitaji kuongezwa haraka, na anayepanga ni daktari, si bucha. Omba kadi ya kuelezea ugonjwa wake, akae nayo kwenye mkoba. Vidonge asiviache ghafla hata siku moja, hata ukiota dawa mpya.

Unaogopa? Najua. Mlangoni moyo utadunda, mate yatakauka, viganja vitalowa. Hapo ni kile kiini chenye rangi ya ini kinamwaga homoni ya hofu, ndiyo kazi yake. Tezi zako ni nzima, Bingwa, za mkeo zimeharibika. Basi siku hiyo ogopa kwa niaba ya wote wawili, na uingie.