Jezi Namba Tano

Jumatatu, 4 Agosti

Jezi sita zimekatwa kabla ya chai. Kitambaa cha kijani, kile cha kuteleza. Kinakimbia mkasi. Redio ilikuwa inaongea na sikuizima. Wale wanaume wa asubuhi wanabishana: mchezaji mkubwa ni mwenye mabao, au ni yule anayebadilisha wenzake? Mmoja anasema mabao husahaulika. Mimi nilifunga kumi na saba msimu mmoja, na hapa Ndithini hakuna anayekumbuka hata moja. Kwa hivyo labda amesema kweli. Nimemchukia hata hivyo.

Kamati ya timu imeleta orodha ya namba. Wasichana wanne waliomba tano, ikabidi wapige kura. Ndanu akashinda, yule beki anayeuza nyanya sokoni. Tisa haikuombwa na mtu.

Tano ilikuwa ya Nduku. Tisa ilikuwa yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Mwenyekiti wa kamati amepita. Nduku anakuja kutoka Eldoret, ambako ni nesi. Tarehe kumi na sita timu inacheza na Kithyoko, na yeye ndiye mgeni wa heshima. Tena atavaa jezi na kucheza dakika za kwanza. Tano amepewa yeye. Ndanu avae kumi na nne, asubiri.

"Hiyo ya Nduku uishone vizuri, fundi. Huyo ndiye mchezaji bora tuliyewahi kuwa naye."

Nikacheka. Meno tu.

Nduku alikuwa beki. Hakufunga bao hata moja maisha yake yote. Mguu wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike, nisije nikalainika.

Fainali, Machakos mjini, miaka kumi na minane iliyopita. Sare, bao moja kwa moja. Dakika za mwisho tunapata penalti. Penalti zote zilikuwa zangu, hilo hata mbuzi wa Ndithini walilijua. Kando ya uwanja alikaa mtu wa klabu moja ya Nairobi, na kitabu chake mapajani. Nilikuwa nimeshaushika mpira. Nduku, kapteni, akauchukua mikononi mwangu akampa Katunge. Katunge alikuwa amezika mama yake wiki mbili nyuma. Eti anauhitaji kuliko mimi.

Katunge akafunga. Yule mtu akaandika jina. Katunge akaenda Nairobi, akacheza misimu miwili, akaolewa, basi. Mimi nikarudi kwa cherehani ya mama. Ningecheza misimu kumi.

Tangu siku hiyo sijakanyaga uwanja. Nawashonea, wanachukua, wanaenda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na Nduku anakuja kuvaa nguo niliyoishona mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Padri amehubiri msamaha. Sikusikia nusu. Nilikuwa nawaza bandi.

Bandi ni mishono ya kushikiza tu, mirefu mirefu, kabla hujapitisha mashine. Ukiivuta nguo, inaachia. Kila fundi hupiga bandi halafu huitoa. Mimi sitaitoa.

Isyo ya mahindi na maharagwe baada ya misa. Nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 14 Agosti

Tano imekwisha. Ubavu wa kulia ni bandi kutoka kwapani hadi kiunoni. Mkono wa kulia, bandi. Namba mgongoni nimeishika kwa pembe nne. Uzi mweupe, ule wa bei rahisi unaokatika kwa vidole, nimeuficha kwa ndani. Kwa nje huwezi kujua. Nimeipiga pasi, ikapendeza kuliko zote.

Atainua mkono kuwapungia watu, na watu watamwona. Padri, mwenyekiti, vijana wa boda boda, soko zima. Nataka acheke aone hakuna anayecheka naye. Nataka atembee kutoka katikati ya uwanja hadi kando akiwa peke yake. Najua vile huo mwendo ulivyo mrefu.

Nina furaha. Nisijidanganye, ni furaha.

Ijumaa, 15 Agosti

Amekuja. Amenenepa, ana mvi mbele. Alisimama mlangoni mwa duka akasema, "Tisa." Hakuna mwingine anayeniita hivyo. Akanikumbatia. Nikakaa kama mti.

Akauliza habari za mama. Nikamwambia alishazikwa. Akakaa kwenye kiti cha wateja akasema angekuja kama angejua. Nikampa jezi imekunjwa, ndani ya mfuko. Akasema asante mara mbili.

Kuna jambo la Kithyoko ambalo sijaliandika humu. Halihusiani.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Nilifika mapema nikakaa karibu na mstari, nione vizuri. Sindano yenye uzi kwenye kola, mazoea ya kazi. Nduku akaja amevaa gauni lake tu, jezi mkononi. Akamwita Ndanu. "Nimeambiwa ulishinda hii kwa kura. Namba ni ya anayecheza." Akampa. Mwenyekiti akaanza kulalamika, Nduku akamshika bega akaenda naye kwa tenti ya wageni.

Ni yeye yule yule. Kugawa vitu vya watu.

Ndanu akaivaa pale pale juu ya sidiria, wenzake wamemkinga kwa shuka. Alikuwa anacheka. Ana mtoto wa miezi minane, hii ndiyo mechi yake ya kwanza tangu ajifungue. Nilikuwa hatua tano kutoka hapo. Ningesema, ngoja, kuna mshono umelegea. Neno moja tu. Nikaogopa mwenyekiti, nikaogopa Nduku atageuka kuniangalia. Nikajiambia utashika.

Haukushika. Dakika ya nane, kona. Ndanu akaruka, msichana wa Kithyoko akamvuta ubavuni. Jezi ikaachia kutoka kwapani hadi kiunoni. Mkono ukaning'inia. Tano ikaanguka kwenye vumbi. Sidiria yake ilikuwa kuukuu na imelowa maziwa. Akajikumbatia akachuchumaa. Vijana wa boda boda wakaanza kucheka na kupiga miluzi. Mmoja akatoa simu.

Ndipo mtu akaita, "Boma."

Sijui nani. Si Nduku, yeye alikuwa kule tenti anaongea na padri, mgongo uwanjani. Wasichana wetu wakaja mbio kutoka kila upande wakamzunguka Ndanu. Bega kwa bega. Migongo kwake, nyuso kwa watu. Halafu wale wa Kithyoko wakaja pia. Wapinzani. Kipa wao alikimbia uwanja mzima kuja kusimama. Refa akageuka akatazama vilima. Wazee wakawakemea vijana, na ile simu ikarudi mfukoni.

"Fundi, kuja na sindano."

Nikaenda. Wakanifungulia, wakafunga. Ndani kulikuwa kimya. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama. Nikapiga magoti nikashona. Nikajidunga mara mbili. Ndanu alikuwa analia pole pole.

"Pole, auntie," akaniambia. "Nimeharibu kazi yako."

Sasa niandike la Kithyoko.

Nilikuwa na miaka ishirini. Hedhi ilinishika katikati ya mechi, kule Kithyoko, na kaptura zetu zilikuwa nyeupe. Wanaume wakapiga miluzi. Nikakaa chini nikakataa kuinuka. Nduku akawaita wenzetu, akawapanga mmoja mmoja kwa mabega. "Tazameni nje." Siku hiyo jambo hilo halikuwa na jina, hakuna aliyewahi kulifanya. Akavua kaptura yake akanipa. Akavaa yangu. Akacheza nayo hadi filimbi ya mwisho, na waliocheka wakamcheka yeye.

Sikumshukuru. Nilirudi kucheza nikafunga mabao mawili, na nikaanza kumchukia siku hiyo hiyo. Mtu aliyekuona ukiaibika humtaki karibu. Unamtafutia kosa. Alipoichukua ile penalti, nililipokea kosa lake kwa mikono miwili.

Mechi ikaendelea. Tumefungwa mbili bila. Baadaye nikamfuata yule kipa wa Kithyoko, bado anavua glavu. Nikamuuliza ni nani aliwafundisha lile boma.

"Hakuna mtu, auntie. Si mpira huchezwa hivyo?"

Nikamuuliza kama anamjua Nduku.

"Nduku ni nani?"

Jumapili, 17 Agosti

Sikuenda kanisani. Jezi ya Ndanu, aliyoniachia baada ya mechi niishone upya, nimeifumua yote. Uzi mweupe haukuwa wote. Ule wa mkono wa jezi haupo.

Jumatatu, 18 Agosti

Ndanu amekuja kuchukua jezi, mtoto mgongoni. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Akaanza kunisifu vile nilivyoshona haraka mbele ya watu, na mimi nikaufunga. Nikampa jezi na kanga ya mtoto. Kanga haitoshi, najua.

Halafu nimetoka nikamfuata hadi sokoni. Nimemwambia akiwa amesimama nyuma ya nyanya zake. Nimesema bandi niliiacha makusudi, ilikuwa ya mtu mwingine, lakini mkono ni wangu. Amenitazama sana. Ameniambia niende. Kanga hakuirudisha, wala hakuigusa.

Jumanne, 19 Agosti

Nduku amepita asubuhi, basi lake ni la saa nne. Ameweka kipande cha uzi mweupe juu ya meza ya cherehani. Aliuokota uwanjani.

"Tisa. Hii ilikuwa yangu?"

"Ndiyo."

Nikamwambia ile penalti ilikuwa yangu. Niliisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Akasema ilikuwa yangu, na alijua hivyo wakati anaichukua, na hajui kama leo angefanya tofauti. Angalau hakunidanganya.

Sijamsamehe. Na la Kithyoko sikumshukuru, maneno yalikataa.

Akaangalia saa. Akasema nimshonee jezi nyingine, atatuma mtu aichukue. Nikamuuliza namba gani. Akasema yoyote isiyo na mtu. Nikamwambia ni tisa pekee haina mtu. Akasema hapana, tisa ina mwenyewe.

Nikachukua futi. Akanigeuzia mgongo, akainua mikono. Nikampima.

Kifua arobaini na mbili. Bega kumi na saba. Mashine, mshono mara mbili.