Lebo Yetu na Maharage ya Igowole

Uyole, Mbeya
11 Februari 2024

Wifi yangu Yusta,

Ugonile! Najua umeshanuna, unasema huyu Mnyakyusa hakomi kunisalimia kwa kilugha chake hata huku Kalenga. Haya, kamwene, kwa Kihehe chenu. U mzima? Mama anaendeleaje na miguu? Mwanao Blessing ameizoea shule? Sisi huku hatujambo, ila mvua haituachii, nguo tunaanika kwa kuombea.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimeona nikuandikie na nitume kwa basi, kama tulivyokuwa tukituma fotokopi za makala enzi zile tukifanya kazi wote maktaba ya Iringa. Unakumbuka? Maktaba nzima kompyuta moja, ukurasa unafunguka sisi tumeshamaliza chai. Halafu anaingia kaka yangu Clement kutoka kituo cha utafiti, mabuti yana tope, eti anatafuta makala za maharage. Makala gani! Alikuwa anatafuta mke, na mimi nilikuwa namwona tu.

Na kila makala aliyoitaka ilikuwa imefungwa, inadai dola. Ndiyo maana tukajiunga na lile kundi la utafiti huria. Yeyote duniani akiona jarida limefunguliwa, au chuo kimeruhusu tafiti zake zisomwe bure, anabandika lebo ya kundi kwenye habari hiyo, na zote zinakusanyika kwenye ukurasa mmoja ambao hata mtoto wa shule anausoma. Lebo ya Afrika Mashariki tukakabidhiwa mimi na wewe. Tulijiona mabosi!

Tangu kaka afariki nabandika peke yangu. Sasa waratibu wameandika kwamba kila lebo lazima iwe na walinzi wawili. Mwaka ukiisha nikiwa peke yangu, wanaifunga yetu. Rudi, wifi. Siyo lebo tu, nimekumiss wewe mwenyewe.

Wifi yako,
Sabina


Kalenga, Iringa
24 Machi 2024

Wifi Sabina,

Kamwene sana. Barua nimeipata. Sisi wazima, isipokuwa mama; anakula vijiko viwili anageukia ukutani. Blessing anakusalimia, anauliza shangazi atakuja lini na mchele wa Kyela.

Nimecheka hapo kwenye mabuti. Alikuja nayo mpaka kwetu siku ya kujitambulisha, baba akamuuliza kama amekuja kuoa au kupalilia.

Lakini kurudi, hapana. Wiki iliyopita nilikwenda Igowole. Mzee Sedekia, yule aliyempa Clement shamba la majaribio, akanishika mkono akaniuliza, "Mama, majibu ya maharage yetu yako wapi?" Maharage yao yanaoza mizizi kila msimu. Clement aliwaahidi atarudi kuwaeleza alichokipata. Makala ikatoka, yeye akaugua, kompyuta yake ikafa kabla yake, na jarida limeifungia makala ndani. Mimi mjane wake nikitaka kuisoma naambiwa nilipe kwanza!

Miaka yote tumewatangazia watu milango ya wenzao iliyofunguliwa, na wa mume wangu umekomewa. Nina hasira, Sabina. Usiniandikie tena habari za lebo. Niandikie habari za ndizi.

Wifi yako,
Yusta


Uyole, Mbeya
14 Julai 2024

Wifi yangu mpendwa,

Pole tena na tena kwa kumpoteza mama. Unalala? Unakula? Nilirudi salama, ila baridi ya huku mwezi huu haina adabu.

Nina neno limenikaa kooni. Siku ile nakuja msibani, basi liliposimama Makambako nikachungulia simu. Jarida la Clement limetangaza kufungua makala zake zote za zamani! Nilipiga kelele, abiria mwenzangu akaniuliza nimefiwa na nani tena. Nikabandika lebo yetu palepale, nikaongeza na neno maharage. Nikasema nikifika tu, nakwambia.

Nikafika, nikakukuta kwenye mkeka. Unajua mama yetu alivyotulea mimi na Clement: mtu anapomlilia wake, usimtajie marehemu mwingine, misiba haichanganywi. Nikakaa pembeni yako siku tatu, mdomo nimeufunga. Wala makala yenyewe sikuifungua. Nilisema mke ndiye wa kwanza kumsoma mumewe, tutaisoma pamoja matanga yakiisha.

Matanga yameisha. Leo nimefungua nikutumie, imefungwa. Kumbe ilikuwa ofa ya mwezi mmoja. Hilo lilikuwa limeandikwa mwishoni kabisa mwa tangazo, na mimi nilibandika bila kufika mwisho. Mimi, niliyekuwa nakugombeza kwa kosa hilohilo! Nimelia jikoni mpaka ugali umeungua. Nisamehe, Yusta, sijui nitamtazamaje Mzee Sedekia.

Wifi yako,
Sabina


Uyole, Mbeya
8 Septemba 2024

Wifi,

Hujambo? Blessing hajambo? Nimengoja barua mpaka watu wa ofisi ya basi wananionea huruma. Nitukane basi, lakini andika.

Ndizi zimekomaa.

Sabina wako


Kalenga, Iringa
3 Novemba 2024

Wifi yangu mlia jikoni,

Ugonile! Ndiyo, nimekusalimia kwa kwenu, usizimie. Sisi wazima kabisa. Na wewe acha kulia, makala ninayo.

Kubandika nilikataa, lakini kusoma nilishindwa kuacha. Kila asubuhi nikishawasha moto nafungua ukurasa wetu nione umebandika nini. Ukibandika mapema najua umeamka vizuri. Ukipitisha siku mbili naanza kuwaza, huyu malaria imempata. Hivyo ndivyo nilivyoishi na wewe muda wote huu, wifi, na simu sipokei. Nikisikia sauti yako namsikia kaka yako, nilikuwa siwezi.

Kwa hiyo lebo yako ya Makambako niliiona. Nikaihifadhi makala kwenye simu yangu na ya Blessing pia. Kimya changu ni kwamba nilitaka kwanza nifike Igowole kabla watu hawajapanda. Na kidogo nilikukasirikia. Siku tatu pembeni yangu, husemi! Najua, na mimi sikusema. Tumelelewa na wamama wa aina moja.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada huko Igowole, tulikaa ukumbini, nikawafasiria wakulima aya kwa aya. Clement aligundua kwamba iliyostahimili ugonjwa ni ile mbegu yao ya zamani, ndogo nyekundu, ikipandwa kwenye matuta yaliyoinuliwa. Ile ambayo karibu wote wameiacha! Mzee Sedekia akasema, "Kumbe kijana alirudi." Bibi mmoja, Evarista, akatoka bila kuaga, akarudi na kopo la mbegu hiyo, kumbe anayo bado. Wanagawana kikombe kimoja kila nyumba, waizalishe. Nililia mbele ya watu bila aibu.

Waandikie waratibu kwamba mlinzi wa pili yupo. Leo asubuhi nimebandika mbili, na nimesoma mpaka mwisho, mama.

Sasa nikwambie la msibani. Siku ya pili ile, nilipojifunika kanga kichwani mkasema niachwe nilie, nilikuwa nasoma. Ulinipapasa mgongo ukaniambia, "Pole wifi, mama amepumzika." Nilikuwa nimefika kwenye shukrani. Clement anawashukuru wakulima wa Igowole, ananishukuru mimi. Halafu anasema hakuna kitu alichokisoma katika kazi hiyo ambacho hakutafutiwa na dada yake wa maktaba. Ameliandika na jina lako, Sabina.

Wifi yako,
Yusta