Pampu ya Choo cha Mashua

Kabiria, Jumatano

Kumbe mpira wa ndani ya pampu haukuwa na shida. Shida ilikuwa grisi yangu.

Siku mbili nimepigana na pampu ya choo cha mashua, mimi ambaye hata bahari sijawahi kuiona. Mwenyewe ni mzee mmoja wa Kinoo, aliing'oa akaja nayo kutoka Kilifi. "Fundi, Ijumaa narudi huko. Hii kitu itavuta maji kweli?" Nikamwambia itavuta. Nikanunua mpira mpya River Road, nikaupaka grisi kama kawaida yangu. Ukavimba, mkono wa pampu ukakwama kabisa.

Leo nikamkumbuka marehemu mama, na kisima cha kanisa kule Kitui. Pampu ya kule ikigoma, alikuwa akinifokea: "Toa hiyo grisi yako! Paka mafuta ya kupikia."

Nikafuta grisi yote, nikaweka mpira mwingine, nikapaka mafuta ya jikoni. Nikatumbukiza bomba ndani ya ndoo. Ikavuta, tena kwa mlio uleule wa kisima chetu, kwii, kwii, ule uliokuwa ukiniamsha alfajiri nikajua mama yuko huko nje anachota maji.

Maji ya ndoo yaliisha. Mimi nikaendelea kupampu tu.